Mkanda wa Neville Uliofanana na Ndoo

Neville Outhwaite anaosha madirisha hapa Bridlington, mji wetu wa pwani ya Uingereza, tangu mimi sijazaliwa. Kazi aliirithi kwa mjomba wake, pamoja na ngazi na goti bovu. Hakuna nyumba asiyoijua mjini, ila anaijua kwa nje. Anajua nani kabadilisha pazia, nani kahamia chumba cha wageni baada ya kugombana na mkewe, nani anakula keki kasimama mbele ya friji wakati kawaambia watu anapunguza mwili. Chai wanampa, watu wa hapa si wachoyo. Lakini wanampa kupitia dirishani, anainywa juu ya ngazi, na kikombe kinarudi kupitia dirishani. Miaka yote hiyo. Mke alikuwa naye, akaenda Uhispania na fundi aliyekuja kuwafungia makabati ya jikoni. Makabati yenyewe hayajaisha mpaka leo.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mkono wake. Nina meza sokoni, nauza mikanda ya saa, betri na miwani ya kusomea. Alikuja siku moja mwezi wa tano, akapandisha mkono wa shati, akanionyesha kifundo chekundu kama nyama ya buchani.

"Kijana, hebu tazama hii. Nimemkosea nani mimi?"

Saa ilikuwa ya marehemu baba yake, mtu wa reli, na Neville hakubali kuivua hata akioga. Tatizo ni maji. Mtu anayeshinda na mkono ndani ya ndoo, mkanda wa ngozi unamwozea. Wake ulinuka mpaka mbwa wa wateja wakawa wanamfuata barabarani. Akaweka wa chuma. Huo ukamng'oa nywele za mkono mojamoja, na ikifika Januari unauma kwa baridi. Akaweka wa mpira, jasho likajaa chini yake, vipele vikatoka. Halafu kile kipini kidogo kinachoshika mkanda kikakatika akiwa ghorofani, saa ikadondokea kwenye bwawa la samaki la mama mmoja. Aliifuata na viatu vyake miguuni.

"Mzee, wewe unahitaji mkanda wa kitambaa," nikamwambia.

"Kitambaa? Kama bandeji?"

"Si bandeji. Huu umefumwa. Unapita chini ya saa wote mzima, kipande kimoja, kwa hiyo kipini kikikatika saa bado inaning'inia mkononi. Ukilowa unakauka wenyewe. Na angalia matundu yalivyo mengi. Mkono ukivimba kwa joto unalegeza tundu moja, unaendelea na kazi."

Nikamfunga mwenyewe. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda, cha pili kigome, hapo ndipo penyewe. Akazungusha mkono. Akakunja ngumi, akaikunjua. Akafumba macho, jamani, kama mtu aliyevua viatu vya harusi.

"Sijisikii kama nimevaa kitu," akasema.

Rangi alichagua mwenyewe. Kijani, mstari mwekundu katikati, kingo nyeusi. Nikamwuliza kwa nini huo na si ule wa bluu. Akasema unafanana na ndoo yake.

Basi, wiki ileile yuko juu ya ngazi pale klabu ya askari wastaafu, dirisha likafunguliwa. Neville akanyoosha mkono apokee chai. Hakukuwa na chai. Alikuwa ni Afande Stubbins, sajini wa zamani, mwenye masharubu kama brashi ya viatu na sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya uwanja hata kama mmekaa meza moja. Afande akautazama ule mkono ulionyooshwa. Akautazama mkanda.

"Kikosi cha Skernedale!" akanguruma. "Bwana wewe, miaka yote unatuoshea vioo na husemi! Shuka hapo. Shuka uingie ndani!"

Kumbe zile zilikuwa rangi za kikosi chao. Huku kwetu kila mstari una wenyewe. Kuna wa jeshi, kuna wa shule, kuna wa klabu ya makasia. Watu wanaivaa kwenye tai, wanaivaa kwenye mkanda wa saa, na wanaojua wanatambuana. Mimi sikujua, kwangu zilikuwa rangi tu. Neville naye hakujua. Katika maneno yote ya Afande yeye alishika moja: ndani.

Kuja kupata akili, yuko kwenye kiti na bilauri ya bia mkononi, na wazee wanampiga mabega. Sasa mtu akishakununulia bia, utamwambiaje kakosea? Hapa mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayemwomba radhi kwa kuweka mguu pabaya. Kumsahihisha sajini mbele ya watu wake, heri udondoke ngazini.

"Ulikuwa sehemu gani?" Afande akamwuliza.

Neville akanywa bia kidogo. "Aa... zaidi nilikuwa juu. Kuna baridi sana kule."

"Milimani," akasema Dougie Pickersgill, mzee mfupi anayeimba nyimbo za kikosi kuliko wote. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Waliokaa milimani hawapendi kusimulia. Mwacheni."

Wakamwacha. Na kila Alhamisi mchana baada ya hapo wakamwita kucheza dhumna. Neville akawa hatari kwenye dhumna, maana mtu aliyeishi akitazama watu bila kusema anajua nani kashika nini. Wakamwingiza kwenye timu ya ligi. Glenys, mama wa baa, akawa anamwekea yai lililolowekwa kwenye siki kabla hajaagiza. Akamwekea na mto kwenye kiti chake kwa ajili ya lile goti. Neville nilimwona akipita sokoni anapiga mluzi, kifundo cha mkono kimepona, ngozi safi kama ya mtoto.

Halafu Oktoba ikafika, akaja mezani kwangu uso umepauka kama chaki.

"Wananitaka nitembee," akasema.

"Utembee wapi?"

"Gwaride! Jumapili ile ya Novemba, ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Afande kasema nikae kulia kwake. Mstari wa mbele, kijana. Mstari wa mbele!"

"Vua mkanda basi."

"Nikivua wataniuliza uko wapi."

"Waambie ukweli."

Akachukua miwani yangu moja ya kusomea, akaigeuzageuza, akairudisha vibaya. "Wataniondoa mezani," akasema. "Wewe huelewi. Nina kiti pale. Kina mto."

Nikamshauri aumwe. Mafua tu, nani atakuja kumpima? Akakataa. Akasema pale kwenye mnara wa kumbukumbu wanasoma majina ya vijana waliokufa kweli, mmoja alikuwa na umri wangu, jina lake pale kwenye jiwe yeye Neville huliosha kila mwaka kwa kitambaa. "Halafu mimi nisimame hapo na rangi za ndoo? Hapana. Nitawaambia Alhamisi. Na wewe unakuja."

"Mimi nahusikaje?"

"Wewe ni shahidi. Utasema niliununua kwa sababu ya vipele."

Ndivyo nilivyojikuta klabuni Alhamisi ile, boksi langu la mikanda kwapani, maana nilitoka sokoni moja kwa moja. Walikuwa wameanza mchezo. Neville hakukaa kwenye mto. Alisimama nyuma ya kiti, akaufungua mkanda, akauweka na saa yake katikati ya kete.

"Mimi sijawahi kuwa askari," akasema. "Sikuwahi kukanyaga kambi. Hata skauti walinirudisha nyumbani. Huu mkanda nilinunua kwa huyu hapa, kwa sababu ya ngozi yangu. Kijana, sema."

"Alikuwa na vipele," nikasema. "Vibaya sana."

Glenys akaacha kufuta kaunta. Dougie akatazama dari. Afande Stubbins akakohoa, akayanyoosha masharubu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anaongea taratibu.

"Neville, zamu ni yako. Cheza kwanza."

"Afande, umenisikia nilichosema?"

"Tumekusikia. Tunajua, bwana. Tunajua tangu kiangazi."

Neville akashika kiti. "Tangu kiangazi? Nani aliwaambia?"

"Wewe mwenyewe! Nilikupigia saluti pale mlangoni, ukanijibu kwa mkono wa kushoto."

"Wa kulia ulikuwa na ndoo!"

"Na Glenys akakuuliza chakula cha jeshini kilikuwaje," Afande akaendelea, "ukasema kilikuwa kizuri. Kizuri! Hakuna binadamu aliyepita jeshini akasema neno hilo. Nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu, yule bwana ni raia tu."

Meza nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Neville.

"Mbona hamkuniambia?"

Wakatazamana kama ameuliza jambo la aibu. "Ungejisikia vibaya," akasema Afande. "Mtu umeshamwita ndani, umwambieje? Ndiyo maana nikakupanga mstari wa mbele, upate sababu ya kuumwa. Mwaka juzi tulikuwa na mmoja kama wewe, yeye Jumamosi alishikwa mgongo, Jumapili hakuonekana, tukamaliza mambo kiungwana. Wewe unakuja kusema! Mbele ya Glenys! Sasa tufanyeje?"

Alikuwa amekasirika kweli. Miezi yote ile walikuwa wamemficha Neville kwamba wanajua anawaficha, na yeye kaja kuwaharibia.

"Nitaondoka," akasema Neville. Akaichomoa saa yake kwenye mkanda. Akautazama ule mto, halafu akautazama mlango.

"Uondoke uende wapi?" Afande akafoka, na sasa sauti ilirudi ileile ya uwanjani, bilauri zikatikisika. "Jumatano tunacheza na wazima moto! Nikikutoa wewe namwingiza shemeji yake Dougie, yule anayelamba kete!"

"Halambi," akasema Dougie. "Anazigusisha mdomo tu."

"Kaa chini, Neville. Gwaride hutembei, na huo mkanda huvai tena humu ndani. Hayo ndiyo mawili. Kaa!"

Neville akakaa. Polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Na wakati wote wanatazama ule mkanda mezani, mimi nilikuwa namtazama Dougie, yule mwimbaji wa nyimbo za kikosi, akiuvuta mkono wa sweta yake juu ya mkanda wake wa saa wa rangi zilezile, chini, chini, mpaka ukafunika vidole. Nikageuza macho. Mimi si wa pale.

Ikabaki saa haina mkanda, na Neville bila saa ya baba yake ni kama mtu aliyeachwa uchi. Nikafungua boksi.

"Huu hapa," nikasema. "Bluu na mistari myeupe."

"Jeshi la maji," akasema Afande. "Weka chini."

"Huu wa kahawia na njano?"

"Shule ya mwanangu. Watamshika barabarani wamwulize ya mwalimu mkuu."

"Huu mwekundu na kijivu?"

"Klabu ya gofu," akasema Glenys kule kaunta, na wote wakaguna. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko jeshi.

Tulimaliza boksi zima. Mweusi mtupu ulikuwepo, lakini mfupi, kidole hakipiti. Ukabaki mmoja chini kabisa, wa waridi, hauna hata mstari. Wakaugeuza kila mtu kwa zamu yake. Hakuna aliyeutambua.

"Huo hauna mwenyewe," Afande akaamua. Nikamfunga Neville. Kidole kimoja kikapita, cha pili kikagoma. Akazungusha mkono, akashusha pumzi, akacheza kete yake akashinda ule mzunguko.

Jumapili ya gwaride nilisimama naye kando ya barabara, upepo wa baharini unakata masikio. Neville alikuwa ameshika makoti ya mvua ya timu nzima, na maua mekundu ya karatasi yanayovaliwa siku hiyo, ya akiba, mfukoni. Wazee wakaja wanatembea, Afande mbele, Dougie nyuma anaburuta miguu kidogo. Neville akavua kofia. Alipoinua mkono, koti likateleza, mama mmoja aliyesimama karibu yetu akauona mkanda. Akamshika mkono, machozi yako njiani.

"Kumbe na wewe ulikimbia," akamnong'oneza. "Zile mbio za waridi, za kuchangia wagonjwa wa saratani ya matiti. Dada yangu mlimsaidia sana. Mungu akubariki."

Niliona Neville anafungua mdomo. Nikaliona na lile tabasamu la mtu aliyeshikishwa bia asiyoiagiza. Nikamkanyaga.

"Sikukimbia, mama!" akasema, kwa nguvu kiasi kwamba watu watatu waligeuka. "Nina goti bovu. Nimenunua tu sokoni, kwa sababu ya vipele."

"Oo, samahani sana," akasema yule mama, kaiva uso mzima kwa aibu.

"Hapana, samahani mimi," akasema Neville.

"Hapana, ni mimi niliyekushika mkono."

"Mimi ndiye niliyeinua."

Bendi ikapita, watoto wa shule wakapita, farasi wa polisi naye akapita, na wale wawili bado wanaombana radhi.