Picha Pekee ya Niagalé

Kila Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, kijiweni kwetu hapa Bamako, mimi ndiye mpika chai na Nouhoun Diarra ndiye mleta picha. Miaka thelathini alikagua tiketi kwenye treni ya Dakar, kamera shingoni, ile ya kizamani ya kutazamia kwa juu, yenye filamu pana ya picha kumi na mbili tu. Sheria yetu ni moja: picha hupita mkono kwa mkono, kila mtu aseme anachokiona, mwenyewe aseme mwisho. Wauza samaki wa stesheni ya Kidira na vivuli vya ile ya Tambacounda tumevibishania mpaka chai ikapoa.

"Umepiga wanawake wa stesheni zote," mtani wake, Bourama Traoré, hakuchoka kumwambia. "Mkeo hata ukucha hatujauona!"

"Nyamaza, mla kunde," Nouhoun alimjibu, kwa tusi ambalo kina Diarra na kina Traoré hutaniana tangu enzi za mababu.

Ilikuwa kweli. Niagalé alikataa kamera maisha yake yote. "Picha ni za wasafiri," alisema. "Mimi utanikuta hapa hapa." Mwanamke mkaidi, na nilimheshimu kwa ukaidi huo. Alikubali mara moja tu, tulipokwenda Kayes kwenye arusi ya binti wa Bourama. Akasimama ukingoni mwa mto na kilemba chake kikubwa, akasema, "Moja tu. Ukikosea, shauri yako." Wiki tatu baadaye homa ikamchukua.

Filamu ikabaki ndani ya kamera. Dawa za kuisafishia zilikuwa zimeadimika mjini, na Nouhoun alijifariji kwamba haraka haraka haina baraka. Kisha presha ya macho ikamwanza. Daktari akamwambia jicho la kulia limekwenda, la kushoto linafuata. Tangu siku hiyo hakukalika naye. Alikuja kwangu asubuhi, akarudi mchana, akinishika mkono mpaka unauma.

"Fousseyni, sura yake inanitoka. Juzi nimeamka sikumbuki pua yake. Ndugu yangu, nimuone mara moja tu, halafu lije giza lolote litakalo."

Bourama ndiye pekee aliyebaki na chumba cha giza cha kusafishia filamu. Akapiga simu Dakar, akabembeleza, akasumbua watu, dawa zikaja na basi. Jumapili iliyopita akaingia kijiweni na bahasha, akaketi bila kumtukana Nouhoun. Nikaliweka birika chini, maana Traoré asiyemtukana Diarra ana msiba.

Picha ilianzia kwangu. Niliona kilemba. Niliona mto. Na pale ulipotakiwa uso wa Niagalé palikuwa na meno ya Bourama, anacheka mdomo wazi, pengo katikati.

Nikakumbuka yote. Nouhoun alikuwa amebonyeza tu, hajazungusha filamu, Bourama akatokea akipiga kelele, "Diarra! Nani kakuruhusu kupiga picha bila mimi bwana wako?" Na mtani akikuita huwezi kuendelea na shughuli. Unaacha, unamjibu, unauliza hali ya nyumba, ya mama, ya watoto mmoja mmoja, unamrudishia tusi lake. Tulicheka sana siku ile. Mwishowe Nouhoun akasema, "Simama nikupige, mla kunde, dunia ikuone." Akabonyeza. Kamera ile haina kizuizi. Usipozungusha filamu, picha ya pili hulala juu ya ya kwanza.

"Sema, Fousseyni. Unaona nini?"

"Kilemba chake," nikasema. "Na mto."

"Uso je?"

Nikampa Bourama, naye akatazama chini. Nouhoun akampokonya, akaisogeza picha kwenye jicho la kushoto mpaka ikagusa kope, akaigeuzageuza juani.

"Niagalé hakuwa na pengo," alisema taratibu.

"Nisamehe," Bourama akasema. "Nimejaribu mara nne. Haitenganishiki."

"Toka."

Bourama akainuka, akainama kuokota makubazi yake.

"Sikufukuzi hapa!" Nouhoun alipiga kelele, machozi yakimtoka macho yote mawili, akimsukumia picha kifuani. "Toka humu! Wewe nitakusikia kila siku hata gizani, Bourama. Toka kwenye picha nimuone!"

Bourama alisimama na kubazi moja mkononi, picha kifuani, mdomo wazi, pengo lile lile.