Mafuta ya Kitako cha Bunduki

Naikumbuka bado, mwanangu, siku niliyosimama kwenye kibaraza cha nyumba za polisi kule Naguru, mkononi nina vipande viwili vya mbao. Nilikuwa kijana wa umri wako, seremala niliyetoka Busia ya Kenya kuja kutafuta kazi Kampala. Juzi umeniuliza kwenye simu upake mafuta gani kwenye hicho kitako cha bunduki ulichokichonga. Nitakujibu, lakini ngoja kwanza nikueleze, maana mafuta hayohayo nusura yanikoseshe mama yako.

Babu yako mzaa mama alikuwa sajenti wa polisi, Mwacholi mrefu asiyependa maneno mengi. Nilipomwambia nampenda binti yake, aliinuka kitini. Aliingia ndani akatoka na bunduki yake ya kuwindia, ambayo kibali chake alikuwa nacho, kitako kimepasuka.

"Chonga mpya," akasema. "Tutaona mkono yako."

Nikaelewa kwamba kazi ile ndiyo posa yangu. Nilichonga kwa mahogani, nikapiga msasa mpaka mbao ikawa laini kama shavu la mtoto. Vanishi niliikataa mapema. Inapendeza dukani, lakini jua na mvua vikiichezea inabanduka, na mng'ao wake unamstua mnyama. Nilitaka mafuta ya kitani, ambayo huzama ndani ya mbao yakakaukia humo.

Ndipo bibi yako akaja na kibuyu cha moo yaa, mafuta ya kokwa za mti wa kwao kaskazini. Waacholi humpaka mtoto mchanga mafuta hayo, humpaka bibi harusi, na yeye alikuwa hapokei kitu kipya nyumbani bila kukipaka. Alikuwa ameyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

"Hii ndiyo tunapaka bunduki ya mzee," akaniambia. "Hiyo yako ya dukani inanuka."

Sasa shida ni kwamba moo yaa haikauki. Ni nzuri sana kwa ngozi, lakini kwenye kitako ingebaki inateleza na kushika vumbi, na siku mzee atakapolenga bunduki ingemponyoka begani. Nikikataa, nimekataa baraka ya mama wa msichana ninayemtaka. Nikikubali, mzee atapata kitako kibovu na atakuwa ameuona mkono wangu. Rafiki zangu pale Kalerwe, mtaa niliokuwa nafanyia kazi, walinishauri nipake yangu kisha niseme nimepaka yake. Moyo uligoma. Mtu ninayetaka kumwita mama, nianze naye kwa uongo?

Basi nikachukua mabaki ya mahogani, kipande kimoja nikakipaka kitani, kingine moo yaa, nikaviacha juani mpaka Jumapili. Hivyo ndivyo vipande nilivyokuwa navyo pale kibarazani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake na redio, mama yako mlangoni na sufuria mkononi.

"Mama," nikasema, "naomba ushike hizi mbili."

Bibi yako akashika cha kitani, akakigeuza. Akashika kile cha pili, kisha akatazama vidole vyake vilivyojaa mafuta. Nilijua nimeshampoteza mke.

"Haikauki," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukusema tu?"

"Niliogopa kukuumiza."

Akaguna. "Wewe Mkenya una adabu mingi mpaka inasumbua. Leta mikono."

Akachota moo yaa kibuyuni, akashika mikono yangu iliyopasukapasuka kwa kazi, akaipaka kiganja na vidole, taratibu, namna anavyopakwa mtoto wa nyumba ile.

"Mbao paka yako," akasema. "Yangu inapaka mwenye kuchonga."

Nililia mbele ya sajenti wa polisi, mwanangu, na sioni haya kukuambia. Mzee aliongeza tu sauti ya redio.

Kwa hiyo paka kitani. Kidogo kidogo, futa yanayobaki juu, na usirudie kabla hapajakauka. Matambara yake yatandaze nje, usiyakunje ukayarundika, yanaweza kuwaka yenyewe. Hayo ni ya mbao. Ya watu ni haya: anayekupa kitu kwa upendo, usimdanganye ili umfurahishe, wala usimrudishie kwa ukali. Mwonyeshe ukweli kwa upole, aushike mwenyewe, halafu subiri. Mpe nafasi akupende kwa njia nyingine. Wengi wetu tunakimbia kabla ya hapo.

Mungu ailinde mikono yako. Akufikishe kwenye nyumba ambayo mama wa mtu atakuita mwanangu, nawe uitike bila hofu.