Mwalimu Edmund na Ufunguo wa Bomba la Chilangala

Edmund alizaliwa Chilangala, juu ya uwanda wa Newala, mahali ambapo ardhi ni mchanga mtupu, na mvua hata ikinyesha namna gani, maji hupotelea chini kabla mtu hajawahi kutoa sufuria uani. Baba yake alikuwa mhudumu wa kanisa, akampeleka shule ya misheni Masasi angali mdogo. Dada yake Dominika, aliyemzidi miaka miwili, hakupelekwa. Akili alikuwa nazo, tena nyingi. Ila mama yao alikuwa mgonjwa wa miguu, na ilikuwa lazima apatikane mtu wa kuteremka bondeni kuteka maji, safari ya kuanza alfajiri na kurudi jua likiwa la utosi. Basi Edmund akasoma hadi akawa mwalimu. Dominika akaolewa, akazaa, watu wakamwita Mama Cecil, na siku zote hizo hakupumzika kubeba maji.

Mwaka wa 1959 Edmund alikuwa akifundisha darasa la tisa na la kumi katika shule ya wavulana kule Masasi. Habari za uchaguzi zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Waafrika waliochaguliwa kwa kura walikuwa wameanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam, na sokoni Lisekese hata wauza mihogo walikuwa wakibishana juu yao. Edmund aliwatazama wanafunzi wake akaona jambo lililomkera. Walijua majina ya wafalme wa Uingereza kwa mfululizo, lakini hakuna aliyejua mjumbe wao anafikiwaje, wala mtu akishamfikia amwambie nini.

Akaenda kwa mkuu wa shule, padre Mwingereza aliyekaa Masasi miaka mingi, kumwomba saa moja kila Jumatano alasiri.

"Siasa, Edmund?" padre akauliza.

"Hapana, Padre. Nataka wajue kumweleza mkubwa haja ya watu, bila kumwogopa na bila kumtukana."

Padre akasema, "Haya. Ila usiniletee matata na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya."

Masomo hayo ya Jumatano hayakufanana na mengine. Edmund alivaa koti lake la kanisani, akaketi nyuma ya meza, akajifanya ndiye Bwana Mjumbe. Kila mwanafunzi alipewa dakika tatu: ajitaje, aseme ametumwa na nani, aseme anataka nini, kisha anyamaze. Mwalimu alipiga miayo makusudi. Alitazama saa. Alimkatiza mtu katikati na kumuuliza habari za mbuzi wa babu yake. Darasa lilicheka mpaka machozi, lakini wiki kwa wiki walijifunza kutobabaika.

Hodari kuliko wote alikuwa Cyril, mtoto wa katekista, ambaye Kiingereza chake kilitiririka kama mahubiri ya Pasaka. Siku moja alisema dakika tatu kamili bila kukwama. Edmund akamjibu, "Umesema vizuri sana, bwana mdogo. Sasa niambie, nikifika Dar es Salaam nifanye nini?" Cyril akarudi kuketi. Mwenzake Fikirini, mtoto wa mfanyabiashara wa Chiungutwa, alikuwa mtu wa maneno machache, na kila aliposimama sauti ilimtetemeka. Edmund hakumcheka, akampa zamu kama wengine.

Ikaja habari kwamba mjumbe mmoja wa Baraza angezuru Newala na kukutana na wananchi. Wanafunzi wakaandika barua kuomba nafasi, wakajibiwa kuwa watapewa robo saa. Shangwe yake haikuwa ndogo. Kwa kuwa kila mtu alijua shida ya maji ya uwandani, waliandika kurasa nne za kuomba bomba Chilangala. Edmund alizisoma, akawauliza, "Nani kati yenu amewahi kuteka maji kule?"

"Mwalimu," Cyril akasema, "kazi ya maji si ni ya wanawake?"

"Ndiyo. Na barua mmeiandika ninyi. Likizo tutakwenda."

Likizo ilipofika walipanda lori mpaka Newala, kisha wakaenda kwa miguu hadi Chilangala kwa Mama Cecil. "Shikamoo, Mama Cecil!" vijana kumi na wawili walisema kwa pamoja. "Marahaba, wanangu," akajibu, akamgawia kila mmoja debe na ngata ya kitambaa ya kuweka kichwani. Hakuuliza kama wanaweza.

Kuteremka kulikuwa mchezo. Kupanda ndiko kulikowaumbua. Njia ilikuwa kama ngazi iliyobomoka, jua likiunguza shingo, maji yakimwagikia mgongoni. Cyril aliteleza, debe likabiringika hadi vichakani, na wanawake wa kijiji waliokuwa nao njiani wakacheka hadi wakaketi chini. Mmoja akarudi kumjazia jingine. Fikirini alikuwa nyuma ya mjane mmoja mfupi, Bi Mwanne, aliyebeba mtungi bila hata kuushika. Walipopumzika akamwuliza, "Bi, leo nimesikia bomba lilifika kijijini mwaka juzi. Mbona bado mnateremka huku?"

"Lilifika, mwanangu. Lina kufuli."

Ndipo alipomweleza. Karani mwenye ufunguo alihudumia vijiji vitatu kwa baiskeli moja. Kwao alifika Jumatatu na Alhamisi, saa tatu, akafunga saa sita, wakati wanawake wengi wako mashambani. Siku nyingine zote bomba lilisimama limenyamaza na maji ndani yake. Walikwisha omba mtu wa kijijini ashike ufunguo, wakaambiwa kanuni hairuhusu: lazima awe mtumishi wa serikali.

"Karani si mtu mbaya," Bi Mwanne akaongeza. "Naye baiskeli inamuua."

Alasiri hiyo vijana waliketi uani kwa Mama Cecil wakila ming'oko, viazi vidogo vya porini, mabega yakiwauma. Fikirini aliwasimulia aliyoyasikia. Cyril akazitoa zile kurasa nne, akazitazama, akazichana mwenyewe. "Tulitaka kuomba bomba," akasema, "na bomba lipo."

Edmund hakuwa nao wakati huo. Alikuwa nyuma ya nyumba, akimsaidia dada yake kumimina maji mtungini. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa debe moja tu.

"Dada," akasema, "maji niliyoogea kila nilipokwenda shule uliyabeba wewe. Sijawahi kukushukuru."

Dominika aliendelea kumimina mpaka debe likaisha. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa nikijiambia, acha asome, labda siku moja atarudi na neno. Shukrani nimeipokea, kaka. Sasa kawatazame watoto wako, wasinimalizie ming'oko."

Siku ya mkutano, Newala ilijaa watu, wanawake wa Chilangala miongoni mwao. Mjumbe aliketi mezani, Bwana Shauri, Mwingereza, kando yake, na mkalimani amesimama na orodha ya majina. Zamu ya shule ilipofika Cyril alisimama, akajitaja, akasema wametumwa na wanawake wa Chilangala, akaomba jambo moja: kanuni ibadilishwe ili kijiji kichague mtu wake wa kushika ufunguo. Akanyamaza. Dakika tatu hazijatimia.

Mjumbe alivua miwani. "Na huyo mtu akilala? Akipendelea ndugu zake? Mnamjua nani wa kuaminiwa?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Edmund alikuwa amekaa mbali, pamoja na walimu. Cyril akamgeukia Fikirini. Ndipo Fikirini aliposimama, sauti ikitetemeka vilevile, akasema, "Bwana Mjumbe, mwenye jibu yuko hapa. Tunaomba ajibu Bi Mwanne."

"Huyo mama hayumo katika orodha," mkalimani akasema upesi.

"Dakika zetu hazijaisha," Fikirini akajibu. "Zilizobaki tumempa yeye."

Watu wakaguna. Mjumbe akatabasamu, akapunga mkono. Bi Mwanne akaja mbele, akapiga goti kidogo, akanyooka.

"Bwana, unauliza nikilala. Miaka thelathini naamka kabla ya jogoo kwenda bondeni. Nikipewa ufunguo ndipo nitakapolala kidogo. Na nikipendelea ndugu, wanawake wote hawa wanapajua kwangu."

Mkutano mzima ulicheka, na Bwana Shauri naye, alipotafsiriwa maneno hayo. Mjumbe aliandika katika daftari lake kwa muda mrefu. Edmund aliinamisha kichwa kwa furaha. Kumpisha mwenye haja aseme mwenyewe, hilo yeye hakuwafundisha.

Miezi mitano ikapita bila neno. Wanafunzi waliandika barua ya asante na kukumbusha, kisha nyingine. Mwezi uliofuata likaja jibu: mjumbe aliuliza swali barazani, na serikali imekubali Chilangala wajaribu kwa mwaka mmoja. Bi Mwanne akakabidhiwa ufunguo, akaufunga shingoni kwa uzi, na kila alfajiri bomba likawa wazi. Si kwamba shida iliisha kabisa. Kiangazi maji yalipopungua nguvu, njia ya bondeni ilikanyagwa tena. Lakini siku nyingi za mwaka Mama Cecil alirudi nyumbani na ndoo zake kabla uji haujapoa, na mtoto wake wa mwisho, msichana, akaandikishwa shule.

Masomo ya Jumatano yaliendelea. Darasa lililofuata lilianza na padre mwenyewe, likimwomba ruhusa ya kutumia maktaba Jumapili. Padre alitoka chumbani anatikisa kichwa. "Mwalimu, wamenipa dakika tatu, na sikuona pa kuponyokea."

Edmund alifundisha miaka mingi baada ya Uhuru. Watu walipomsifu kwa habari ya bomba, alisema yeye alikuwa na meza na koti tu. Kisha aliwataja waliofanya kazi: mjane aliyejibu, kijana aliyempisha, mjumbe aliyevua miwani akasikiliza, na karani, ambaye alisafiri mwenyewe mpaka Masasi kwa baiskeli yake kuja kuwashukuru vijana kwa kumpunguzia kijiji kimoja.