Wimbo wa Ndaga Fijo

Mama yangu ana wimbo mmoja wa Kizungu, na ndani yake mwimbaji anashukuru kwa Kinyakyusa. Nimeusikia tangu nikiwa mdogo. Akimenya ndizi anauimba, akipalilia anauimba, na akifika kwenye kiitikio anainua kisu au jembe juu: "Ndaga fijo! Ndaga fijo!" Yaani asante sana. Maneno mengine yote ni na-na-na.

Alisema ulipigwa kwenye madisko ya ujana wake. Sehemu nyingine waliita disko vumbi, kwa kuwa walicheza uwanjani mpaka vumbi likatimka. "Huku kwetu lilikuwa disko tope," alisema Mama. Mvua ya Tukuyu haikuwapa nafasi ya kuliona hilo vumbi.

Mama mdogo, aliyemfuata Mama kuzaliwa, hakuamini hata kidogo.

"Dada, Mzungu gani huyo anajua Kinyakyusa? Alikuja kuchuma chai?"

"Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Umeutunga mwenyewe, tena jikoni."

Watu walicheka, na Mama naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa namtazama mikono. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi.

Dada yangu alipochumbiwa, Mama aliomba kitu kimoja tu. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, mama wa binti huingia akicheza na rafiki zake, na wimbo huuchagua mwenyewe. "Nataka huo," alisema. "Mdogo wangu ausikie mbele za watu."

Kazi ya kuandika orodha ya nyimbo nilipewa mimi. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole, lakini mwandiko wangu unasomeka. Na kuandika hakunipi shida kama kuongea. Nikaipeleka orodha mjini Tukuyu kwa dijei, kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na fleshi.

Aliisoma kwa sauti. Alipofika namba nne akasita. "Ndaga fijo. Hii ya kwaya gani?"

"Siyo kwaya."

"Sasa?"

"Disko," nikasema, na vijana wa bodaboda waliokuwa wanachaji simu wakageuka wote.

Dijei akaandika kwenye kompyuta. Zikaja kwaya tupu. "Hebu imba kidogo, sista, niusikie."

Nilitazama viatu vyangu.

"Imba bwana, hapa hatuli watu!"

Nikasema nimesahau, nikatoka. Nyumbani Kisondela, Mama aliniuliza hata sijavua viatu, "Wimbo umepatikana?" Nikamjibu kwamba dijei anautafuta. Siku tatu nilishindwa kumtazama usoni.

Siku ya nne nilirudi. Nilikwenda kwa miguu kusudi nifanye mazoezi njiani. Kwenye migomba, ambako hakuna mtu, niliimba kwa nguvu mpaka nikajishangaa. Lakini nilipofika tu kibandani mvua ikamwagika, na kila aliyekuwa barabarani akaingia humo humo. Nilitaka kuondoka. Mvua ilikuwa imeziba mlango kama pazia.

Nikageukia ukuta, nikafumba macho, nikaanza. Na-na-na, na-na-na. Nyuma yangu mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Nilipofika kwenye kiitikio, cherehani iliyokuwa inalia baraza la pili ikanyamaza ghafla.

"Nani huyo anaimba Daka Figo?"

Alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Alichungulia mlangoni na kofia yake, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Rudia hapo."

"Babu, ni Ndaga Fijo."

"Daka figo! Sisi vijana wa mjini tuliimba daka figo. Tulijua ni wimbo wa buchani." Kibanda kizima kikaangua kicheko, na mimi nikajikuta nimo ndani ya kicheko hicho. "Suruali za bugaluu, zile pana chini, za madisko ya siku zile nilishona mimi. Sahani ya santuri niliishika kwa mkono huu, na jina lake nimelisoma mara mia."

Akalitaja. Lilikuwa refu, la Kizungu. Dijei akaliandika, akakosea, akaandika tena, na hapo nyimbo zikaanza kumwagika. Sikujua kama wimbo mmoja unaweza kuzaa hivyo! Kulikuwa na dada mmoja aliyeuimba na gitaa peke yake, taratibu, kama anabembeleza mtoto. Kulikuwa na wa matarumbeta. Kulikuwa na wa kinanda na miluzi. Halafu dijei akafungulia rimiksi ya vijana, yenye ngoma nzito inayotikisa vioo, na mimi nikaruka.

"Huu naujua!"

Nilipiga kelele, mimi. Wimbo huo hupigwa kila siku pale kijiweni kwa bodaboda. Nilikuwa nimeucheza moyoni mara nyingi, nikiwa nachuma chai na kapu mgongoni. Wimbo wa Mama ulikuwa unapita barabarani mbele yetu, na sisi hatukuusalimia.

Ila kulikuwa na tatizo. Wote hao walioimba baadaye walitamka Kizungu vizuri mno, na ndaga fijo haikuwemo. Dijei akarudi kwenye ule wa kwanza kabisa. Ulianza kwa mkwaruzo, kama mafuta yanayochemka. Akaja mwanamke mwenye lafudhi ya nchi nisiyoijua, na alipofika pale, kweli, alisema ndaga fijo.

"Daka figo," alisema babu.

Bodaboda wakagawanyika pande mbili, wakabishana mpaka mvua ikakatika. Kizungu chenyewe kinasemaje, hakuna aliyejali.

Jumamosi ya sendofu tulifunga maturubai uani na kumwaga maranda juu ya tope. Saa kumi jioni Mama alikuwa nyuma ya pazia na rafiki zake watatu, wamevaa vitenge vya sare. Mama mdogo aliketi safu ya mbele, amekunja mikono. Pazia likafunguliwa, na dijei akaachia wimbo.

Ilikuwa rimiksi.

Ngoma nzito, Kizungu safi. Wageni wakafurahi. Mama alisimama pale pale, mguu mmoja mbele, akimsikiliza mwanamke asiyemjua. Mama mdogo akasema, na watu walisikia, "Dada, ndo huo? Mbona hashukuru?"

Dijei alikuwa amevaa visikizio, macho kwenye kompyuta. Kati yangu na yeye kulikuwa na uwanja mtupu na macho ya watu wote. Sikumbuki miguu yangu ilivyokwenda. Nakumbuka tu nilishika ukingo wa meza yake nikapaza sauti: "Siyo huo! Ule wa zamani!" Maikrofoni ilikuwa wazi pembeni yangu. Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili, ikaenda mpaka kwenye migomba ya jirani.

Rimiksi ikakatika. Kisha mkwaruzo, kama mafuta yanayochemka.

Mama aliinua kichwa. Akaja akicheza disko tope, hivyo ndivyo naweza kusema, akinyanyua miguu juu kama anaichomoa kwenye matope, na wenzake vile vile. Na kiitikio kilipofika, siyo wao wanne tu. Kila mama wa umri ule, waliotoka Matwebe, waliotoka Kinyala, wote waliinuka kwenye viti na mikono juu: "Ndaga fijo!"

Mama mdogo alikunjua mikono. Alimwendea dada yake katikati ya uwanja, akamshika kiuno. "Gwe! Kweli anashukuru!" alisema huku akicheka na kulia. Safari ya pili ya kiitikio aliimba yeye kuliko wote.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimesimama na Mama barabarani, tuna ndoo ya maparachichi, ikapita bodaboda na redio yake. Ngoma nzito, rimiksi, lakini ilikuwa na akina mama ndani yake wakipiga kelele ndaga fijo. Kumbe dijei alikuwa anarekodi siku ile.

"Sikiliza," Mama alisema, akanishika mkono. "Wewe huyo!"

Na ni kweli. Kabla ya ngoma kuingia, wimbo unaanza na sauti ya binti mmoja, peke yake, bila muziki wowote: "Siyo huo! Ule wa zamani!"

Sikutazama viatu vyangu. Nilimpungia mkono mwenye bodaboda asimame, arudie tangu mwanzo.