Mzabibu wa Porini Ndani ya Sufuria ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu, mtaa wa Kamalondo, tulisalimiana asubuhi, tukasalimiana jioni, na katikati hatukuwa na neno. Yeye alizaliwa Kasai. Mimi ni binti wa mfanyakazi wa reli wa kaskazini mwa Katanga, na kila mmoja wetu alikuwa ameshaambiwa mengi kuhusu watu wa mwenzake. Mimi nilishona, yeye aliketi mlangoni pa atelie yangu akisoma Biblia. Miaka miwili ilipita hivyo.

Kisha nikaona kwenye simu video ya bonsai, ile miti inayokuzwa ndani ya vyungu vidogo na kukatwa na kukunjwa mpaka ifanane na miti mikubwa ya zamani. Nilirudia ile video mpaka pasi ikaunguza kola ya mteja. Waliosema ndani yake walisema kwamba mtu asianze na mbegu. Aende porini akatafute mmea uliokwisha kuzeeka, hata ule unaotambaa, mradi uwe na shina.

Jumamosi moja, mvua zikiwa karibu kuanza, mume wangu alitupakia kwenye kamionete yake tupeleke sare za kwaya Kambove. Tulipokuwa tunarudi, nikauona. Juu ya kichuguu kirefu kuliko nyumba kulikuwa na mzabibu wa porini usio na jani hata moja, shina lake nene kama paja, limejikunja mara mbili kama mtu anayetafuta usingizi.

"Simamisha," nilimwambia mume wangu.

"Uko mugonjwa?"

"Niko muzima. Minaona muti yangu."

Alisimama, akanitazama, akashusha kiti chake alale. Nilipanda kichuguu na panga na jembe, na nilipogeuka nikamkuta mama mkwe nyuma yangu. Aliuzunguka ule mzabibu, mikono mgongoni.

"Unataka kuikata?"

"Kuing'oa, Mama. Na mizizi yake. Niipande mu chungu."

"Iyi yote?"

"Juu nitakata. Nitabakisha shina tu."

Nilianza kuchimba, na udongo wa kichuguu ulikuwa mgumu kama tofali. Baada ya muda alikaza kitenge chake kiunoni, akanyoosha mkono.

"Leta. Weye unachimba kama muntu wa atelie."

Yule mama wa miaka sabini alichimba kama aliyekuwa akingojea ruhusa tangu utotoni. Tulipokezana jembe mpaka ukabaki mzizi mmoja, tukaushika wote wawili, tukavuta. Uliachia ghafla. Tuliteremka kichuguu kizima kwa migongo yetu, mzabibu ukiwa juu yetu.

Nililala pale chini nikiogopa kufungua macho, nikifikiri nimemvunja mama wa mume wangu. Kisha nikasikia kama kwikwi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kilemba kikamtoka, nami nikashikwa, na kila mmoja alipojaribu kunyamaza alimwona mwenzake na vumbi lake jekundu, tukaanza upya. Mume wangu aliamka akaja mbio.

"Kumetokea nini? Munaumia?"

Tulimwonyesha kichuguu kwa kidole, tukacheka tena. Akarudi kwenye gari peke yake.

Kwenye kizuizi cha barabara mfanyakazi mmoja alichungulia nyuma ya kamionete akaona lile shina limefungwa gunia lenye maji.

"Hii ni dawa ya nini?"

"Ya kucheka," mama mkwe akasema, na tukaangukiana tena.

Nyumbani hapakuwa na chombo cha kutosha. Aliingia chumbani kwake akatoka na sufuria yake kubwa, ile aliyosongea bukari, ugali wa huku, kwa watoto wake wanane.

"Musumari iko wapi?" aliuliza, akaitoboa matundu mwenyewe.

Wiki zikapita bila dalili. Majirani waliuliza kama tunalima kuni. Kila asubuhi tulikwenda kuutazama, na yeye alikwaruza ganda kidogo kwa ukucha.

"Ndani iko kijani. Haiyakufa."

Siku mbili baada ya mvua ya kwanza aligonga dirisha letu jua likichomoza. "Amuka. Inatoa jicho."

Lilikuwa jicho jekundu la chipukizi, dogo kama punje ya mchele. Tulishikana mikono tukarukaruka uani kama wasichana. Bibi arusi aliyekuja asubuhi ile kujaribu gauni lake alilazimika kulitazama jicho kwanza.

Tangu hapo tulipoteza akili. Uani kulijaa mashina, na mume wangu akawa anaoga kwa kikombe, maana mabeseni yote yalikuwa na wapangaji. Jirani anayetengeneza mota za umeme alitupa waya wa shaba. Katika mji ambao shaba hupita kwa malori usiku na mchana, sisi tulirukia ule mkunjo mmoja kama zawadi ya Noeli. Tuliulainisha kwenye moto wa makaa, tukauzungusha kwenye matawi ili yajikunje tunavyotaka.

Bwana mmoja wa Karavia, mtaa wa matajiri, alikuja kutaka kuununua mzabibu kwa ajili ya baraza la nyumba yake. Mama mkwe alimpa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Enda ku Kambove," akamwambia. "Kamata jembe."

Alikwenda kweli. Alirudi viatu vikiwa vyekundu, akafungua buti ya gari kutuonyesha wake, jasho na furaha usoni, na mama mkwe akamkaripia kwa kukata mizizi mifupi mno.

Mwezi uliopita nilitoka sokoni nikakuta amekata tawi nililolipenda kuliko yote. Nilikasirika, nikamwambia. Akaniambia lilikuwa linaficha shina. Tulinuniana siku mbili nzima, kwa sauti, kama mama na binti, na siku ya tatu pale alipokata pakatoka majani mawili.

"Sasa unaona?" akasema.

"Minaona, Mama."

Akanikabidhi mkasi.