Imelowekwa

Katika nyumba ile ya kupanga pale Hobart, mpangaji wa chumba cha nyuma hakuwahi kukataa zamu ya usafi. Yeye aliloweka tu. Sufuria ikigandwa na tambi, aliijaza maji, akaidondoshea sabuni kwa vidole viwili kama anayekoleza chumvi, akaipigapiga ubavuni. "Usiiguse, imelowekwa." Kisha huyoo, akaondoka na mluzi wake, na sufuria ikakaa hadi maji yakaota utando na Bronwyn, mwenye mkataba wa nyumba, akaisugua mwenyewe huku akisonya.

Asubuhi ya ukaguzi, wakala wa mwenye nyumba akiwa njiani, Bronwyn alimkazia macho. "Leo hakuna kuloweka, bwana wee! Jiko langu, choo changu. Wewe bafu tu. Tukifukuzwa hapa, utalala wapi?"

"Ondoa shaka, dada."

Bronwyn alisugua jiko mpaka viganja vikamwasha. Mara akasikia mluzi bafuni. Moyo ukamtulia, akausukuma mlango. Jamaa alikuwa amejilaza ndani ya maji, povu hadi kidevuni.

Kengele ya mlangoni ikalia.

"Mkaribishe tu," alisema, akilipigapiga bafu ubavuni. "Mwambie limelowekwa."