Nilimuua Oma kwa Mdomo, Getini

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu.

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, mtu wa Uvira, darasa la tatu tu. Hapa Johannesburg nimelea wazee wa watu miaka mingi. Wa mwisho alikuwa bibi Mjerumani wa mtaa wa Kensington, aliyetaka tumwite Oma, yaani bibi kwa lugha yao.

Wiki ile wageni walipochomewa maduka, saluni ya binti yangu iliteketea yote. Nikafika kazini macho yamevimba. Oma akakoroga chai yake, akasema, "Si mrudi tu? Nyinyi mna kwenu."

Eish! Mimi, niliyekimbia vita kwangu mara mbili na mtoto mgongoni! Nikamwongezea chai. Lakini nikasema moyoni, huyu nitamlipa.

Siku ya kumlipa ikaja na miguu yake.

Mama mmoja Mzungu alisimama getini, mwalimu kutoka Poland. Akanieleza kwamba kijiji chao zamani kilikuwa cha Wajerumani. Vita vilipokwisha, Wajerumani wakafukuzwa, na Wapoland waliofukuzwa kwingine wakapewa nyumba zao. "Bibi yangu alifulia nguo juu ya jiwe la kaburi lao," alisema, na aibu ikamjaa usoni. Sasa wanakijiji walikuwa wanaandika historia yote, wanafukua yale mawe na kuyasimamisha tena. Walimkosa mmoja tu: Emil, mtoto wa miaka minne, aliyezikwa bila jiwe. Aliyejua mahali ni dada yake peke yake.

Dada yake ni Oma! Emil huyo nilimsikia kila siku, Oma akimwita usingizini.

"Anaishi hapa?"

"Alikuwa."

"Amehama?"

"Amekufa." Nikaweka mikono kichwani kama mtu wa matanga. Machozi nikayatoa hasa!

Ndani Oma akakohoa.

"Nani huyo?"

"Mpangaji."

Yule mama akalia, akaniachia namba yake ya simu. Kile kikaratasi nikakitia motoni, kikaungua. Nilifurahi, sitawadanganya! Nilipika huku naimba.

Lakini kisasi ambacho anayelipizwa hakijui hakishibishi. Siku ya tatu nikampelekea chai, nikamwambia, "Watu wa kijijini kwenu walikuja kumuulizia Emil. Nimewaambia umekufa. Si una kwenu? Nenda basi!"

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliweka kikombe chini, na tangu saa ile hakusema tena Kiingereza. Kijerumani tu, mchana kutwa. Alinishika mkono, akanyoosha kidole huku, akakunja kule, akahesabu hatua juu ya shuka. Alikuwa ananionyesha! Mimi, mimi niliyemfungia mlango, ndimi niliyeelekezwa kaburi. Sikuelewa hata neno moja.

Kabla mwezi haujaisha akafa.

Juzi mjukuu wangu kaifungua historia ya kile kijiji kwenye simu, akanisomea. Makaburi yote yana majina. Kwa Emil wameandika kwamba mahali hapajulikani, kwa kuwa dada yake alifariki Johannesburg kabla hawajamfikia.

Hayo ni maneno yangu! Mimi wa darasa la tatu nimeandika historia ya Wazungu, na nimeandika uongo!

"Koko, bibi yangu, tuwaandikie ukweli," mjukuu anasema. Sasa hanitazami usoni. Niwaandikie nini? Kwamba mahali nilionyeshwa, juu ya shuka?

Ile kauli yake sijaisamehe, na msinilazimishe. Afadhali ningemjibu palepale, chai ikamwagika, tukatukanana hadi majirani wasikie. Wewe uliyekosewa, fanya hivyo. Mpigie kelele mtu mzima aliyekukosea. Usimguse mtoto wa kwao aliyekufa. Mimi nilimlenga bibi wa miaka themanini na kitu, nikampiga mtoto wa minne.